Nafasi Kumi za Zahanati

Kanuni inasema hivi: askari wa magereza akigundua kwamba ndugu yake amefungwa katika gereza analofanyia kazi, amwarifu mkuu wa gereza kwa maandishi ndani ya siku saba. Baada ya hapo mmoja wao atahamishwa. Kanuni haisemi nani, lakini kila askari anajua kwamba anayehamishwa ni mfungwa, kwa sababu mfungwa hana vyombo vya kufungasha wala watoto wa kuwatafutia shule nyingine.

Mimi kanuni zile nilikuwa nimezihifadhi. Shule niliiacha mapema, na kidogo ninachokijua nilikipata kwa kusoma vitabu vya kazi vilivyokuwa vikiozea kwenye kabati la ofisi, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni. Wenzangu wakibishana juu ya jambo, husema, "Muulizeni Mizani." Hilo ndilo jina walilonipa. Sipazi sauti, simpigi mtu, na sipendi kuamua jambo kabla sijalitazama pande zote.

Siku ile nilikuwa mapokezi na daftari mbele yangu. Karandinga lilileta wafungwa tisa, na wa nne kushuka alikuwa mdogo wangu.

Nilijua amehukumiwa. Alikuwa fundi redio, akanunua vipuri bila kuuliza vimetoka wapi, na mwenye vipuri akajitokeza. Miaka miwili na nusu. Lakini kesi yake ilisikilizwa mji mwingine, na sikutegemea kwamba angeletwa kwetu. Mimi na yeye ni wa tumbo moja, baba mbalimbali. Jina lake la ukoo halifanani na langu hata herufi moja. Sura yeye alichukua ya baba yake.

Nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine. Jina? Akataja. Kazi? "Fundi redio, afande." Kisha nikafika kwenye swali la tisa, ambalo limechapishwa kwenye fomu na huwezi kuliruka.

"Una ndugu yeyote katika gereza hili, mfungwa au askari?"

Alinitazama kidogo, kisha akatazama kalamu yangu.

"Sina, afande."

Nikaandika: Hana.

Jumapili nilikwenda kwa mama, upande wa pili wa mji, nikamweleza. Nilikuwa nimeshaiandika ile barua ya kumwarifu mkuu, ilikuwa mfukoni. Mama alikuwa ameketi kitandani, magoti ameyafunga vitambaa vya moto.

"Ukisema, watampeleka wapi?"

"Gereza lile kubwa, mama. Mwendo wa siku mbili kwa basi."

"Na mimi kwa magoti haya nitafika huko lini? Hata sokoni naletewa." Alikaza kitambaa cha goti la kulia. "Mwanangu, miaka miwili na nusu si umri wa mtu. Kaa kimya. Uwe unamtupia jicho."

"Mama, ni kazi yangu hii. Wakijua watanifukuza."

"Na yeye ni nani wako?"

Barua niliichana pale pale, yeye akiniangalia, na vipande nikavitia kwenye jiko.

*

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mama alikuja kumwona. Nikiwa zamu ya wageni, nilimpokea kama ninavyompokea kila mtu: nikakagua mfuko wake, nikamwonyesha benchi, nikasimama hatua tatu nyuma. Aliniita "baba", kama wanawake wa makamo wanavyomwita askari yeyote wanayetaka awahurumie. Mwenzangu mmoja, ambaye tulimwita Tarumbeta kwa kuwa hakuumbiwa kunong'ona, aliwahi kucheka hadi ukumbi mzima ukageuka.

"Mizani! Bibi huyu amekupenda! Anavyokutazama, utadhani wewe ndiye mfungwa wake!"

Mama akacheka pia. Mdogo wangu akacheka kuliko wote. Mimi nilitazama saa ya ukutani.

Mdogo wangu alikuwa amewekwa wadi ya tatu, ambayo ndiyo yangu. Wadi ile ilijengwa kwa watu arobaini. Siku hizo walikuwemo tisini na wanne. Asubuhi huchuchumaa watano watano, tunawahesabu, hesabu inaandikwa, kisha nauliza wagonjwa ni nani. Zahanati yetu ina tabibu mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, na askari wa kusindikiza ni mmoja. Kwa hiyo nafasi ni kumi kwa siku kwa wadi yangu. Kumi na moja haiwezekani. Siku tuliyojaribu, wagonjwa wa wadi ya mwisho walirudishwa bila kuguswa.

Kabla yangu, nafasi hizo walizipata wenye sauti na wenye mabega. Nilikaa wiki nzima nikatengeneza utaratibu. Homa na majeraha mbele. Anayeumwa kwa mara ya kwanza kabla ya anayerudi. Na mtu ambaye tabibu ameandika "hana tatizo" mara tatu mbele ya jina lake, huyo anakaa nyuma ya wote, kwa sababu wapo wanaokwenda zahanati kupunga upepo tu. Mkuu wa gereza aliupenda utaratibu ule. Akaamuru upigwe chapa na kubandikwa ukutani katika kila wadi. Ni kitu pekee nilichowahi kuandika kikabandikwa mahali.

Kutoka wadi ya tatu hadi zahanati ni hatua mia moja na ishirini. Unapita ukuta wa jiko, unapita rundo la kuni, unapita tangi la maji, na mahali pote hapo hakuna dirisha. Ndipo pekee ndani ya gereza ambapo mimi na mdogo wangu tungeweza kuzungumza, iwapo angeumwa na mimi nikawa msindikizaji.

Akaanza kuumwa. Tumbo. Alichagua tumbo kwa sababu ndilo alilolizoea. Utotoni, siku za mtihani wa hesabu, tumbo lake lilishika alfajiri na kuachia kengele ya shule ilipokwisha kulia. Mama alimpa maji ya moto yenye sukari, naye akanikonyeza nikiwa nafunga viatu.

Nilimweka wa kumi, nyuma ya wote, ili wale tisa watangulie na sisi tubaki nyuma.

"Kaka, magoti ya mama vipi?"

"Tazama mbele. Uvimbe umepungua."

"Na shemeji? Bado anakufokea kwa ajili ya viatu?"

"Tembea wewe."

"Taratibu, afande. Mgonjwa hakimbizwi."

Hizo hatua mia na ishirini zilikuwa raha yangu ya wiki. Nasema hivyo bila kuona haya. Nilikuwa nafungua na kufunga milango tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mtu mmoja tu humo ndani alijua kwamba nikiwa mdogo niliogopa kuku. Tabibu alimbonyeza tumbo, akamuuliza, akaandika "hana tatizo". Wiki iliyofuata tena. Mara tano kwa jumla. Mara ya tatu ilipotimia, utaratibu wangu mwenyewe ulinitaka nimweke nyuma kabisa, nami nilikuwa nikimweka nyuma tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti.

Isipokuwa Tarumbeta.

"Mizani," alisema siku moja tukirudisha funguo, "yule fundi redio tumbo lake lina ratiba? Kila Alhamisi! Na msindikizaji ni wewe tu. Au anakutengenezea redio huko njiani?"

Alikuwa anatania. Watu watatu walikuwa wanangoja funguo zao, na wote walicheka. Lakini Alhamisi iliyofuata, tulipofika kwenye rundo la kuni, nilimwambia mdogo wangu, "Usiumwe tena. Mpaka nikuambie."

"Ugonjwa huwa unaomba ruhusa?"

"Huu wako unaomba."

Alicheka. Wiki saba zilipita bila yeye kunyoosha mkono.

*

Mwezi ule mama hakuja. Magoti yalikuwa yamemkataza kushuka hata ngazi moja. Jumamosi ilipita, na Jumatatu asubuhi, baada ya hesabu, nilipouliza wagonjwa, mikono kumi na tisa ilinyooshwa, kwa kuwa mafua yalikuwa yameingia wadini. Mkono wa mdogo wangu ulikuwemo.

Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Hajamwona mama. Anataka habari. Nikaandika kumi wangu, wote wa homa, nikafunga daftari. Nilipopita kwenye mstari wake nikainama kana kwamba nakagua blanketi lake, nikasema polepole, "Mama hajambo. Ni magoti tu. Atakuja mwezi ujao."

"Si hilo," alisema.

Nilikuwa nimeshasogea. Nakumbuka kwamba nilitoka pale nimeridhika. Niliona nimempa dawa yake bila kupoteza nafasi ya mtu.

Jumanne nyapara wa wadi alinifuata mlangoni. Nyapara ni mfungwa anayewasimamia wenzake. Huyu wetu walimwita Spika, kwa sababu alisema kwa niaba ya wote na hakuna aliyemchagua.

"Afande, fundi redio tangu jana hajatia kitu mdomoni. Anatapika."

"Spika, orodha imejaa."

"Wa kumi nani?"

"Yule mwenye kidonda."

"Kidonda kinaweza kungoja kesho, afande. Kidonda nimekiona mimi. Kinatabasamu."

"Umekuwa tabibu sasa?"

Wale walio karibu walicheka. Spika hakucheka. Alionyesha ile karatasi ukutani kwa kidevu, utaratibu wangu, chapa na muhuri. "Mimi nauliza tu kama hiyo inaruhusu mtu aumwe kweli baada ya kudanganya."

Nilimwambia kwamba inaruhusu, lakini nyuma ya wengine. Nilimjibu kwa upole. Nimeshasema sipazi sauti. Nikatazama kule mwisho wa wadi. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu, magoti yamefika kifuani, mkono kwenye tumbo, upande wa kulia. Ndivyo alivyokuwa akilala siku za mtihani wa hesabu. Nilimwona vile vile kabisa, na moyo wangu ukacheka kwa siri. Nikasema: huyu bado yumo kwenye mchezo wake.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Askari mwingine yeyote, ambaye hakulala naye kitanda kimoja utotoni, angemwona mtu mzima anayeumwa tumbo. Mimi nilimwona mtoto anayekwepa shule. Nilimhukumu kama ndugu, na kumtendea nikamtendea kama mtu baki, na katika mambo hayo mawili nilichukua lililo baya kutoka kila upande.

Jumatano asubuhi watu wawili walimshika kwapani ili achuchumae ahesabiwe. Tarumbeta alikuwa kando yangu na daftari la hesabu. Nilifika kwenye mstari wao: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mdogo wangu aliinua uso. Midomo ilikuwa imekauka ikafanya magamba.

"Kaka," alisema. "Leo si mchezo."

Alilisema neno lile mbele ya watu tisini na watatu na mbele ya Tarumbeta. Nilisikia kalamu ya Tarumbeta imesimama. Labda haikusimama, labda ni mimi niliyeacha kuisikia. Nikasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba sauti yangu ilipanda:

"Humu ndani hakuna kaka. Humu kuna afande."

Wadi ikaangua kicheko. Tarumbeta naye akacheka. "Kaka, eti! Kesho atamwita mjomba!" Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida sasa, "Kesho utakuwa wa kwanza." Na wakati huo huo nikiandika orodha, nilipofika kwenye nafasi ya kumi niliona bado iko wazi. Nikaijaza kwa mtu wa mafua.

Hilo ndilo ambalo tume ya uchunguzi iliyokuja baadaye haikuliona, kwa sababu orodha haionyeshi nafasi iliyokuwa wazi kwa dakika moja. Nilimwacha kwa sababu alikuwa ameniita kaka. Kama asingeniita, ningemweka.

Saa tisa alasiri, tukifunga, Spika alikuja mlangoni na uso uliolegea. "Afande, Mungu mkubwa. Maumivu yamekata. Amelala." Nikashukuru. Nilijisemea kwamba utaratibu ni utaratibu, na kwamba mtu aliyeumwa kweli haponi kwa kulala. Tabibu alinieleza baadaye kwamba kidole tumbo, kile kipande cha utumbo cha upande wa kulia, kikishapasuka, maumivu hupungua kwa saa kadhaa, na kwamba nafuu hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Alhamisi nilimwandika wa kwanza. Niliandika jina lake kabla sijauliza wagonjwa. Wanaume wanne walimbeba kwenye blanketi, nami nikatembea kando. Jiko, kuni, tangi. Hakusema kitu, na mimi niliyekuwa na nafasi ya kusema lolote nilisema, "Tunafika, tunafika." Tabibu aliweka mkono juu ya tumbo lake na papo hapo akautoa. "Gumu kama ubao. Gari. Sasa hivi."

Gari lilikuwa limepeleka mahabusu mahakamani. Lilirudi saa sita na dakika ishirini. Alifariki kwenye gari, tukiwa tumeshaliona lango la hospitali, kichwa chake kikiwa kwenye paja la Tarumbeta, kwa kuwa mimi kama mkubwa wa zamu nilitakiwa kukaa mbele na dereva.

*

Mkuu aliniita saa tisa. "Kuna mama wa marehemu, yuko hapa hapa mjini. Nenda ukamwarifu. Wewe una ulimi laini. Mchukue Tarumbeta awe shahidi."

Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mara sita kabla ya siku ile. Ina maneno yake. Unavua kofia, unataja jina kamili, unasema "amefariki", husemi "ametutoka", kwa sababu wapo wanaodhani ametoroka.

Tulipofika, jirani wa mama alikuwa anaanika nguo. Akapaza sauti, "Ee, leo umekuja na mgeni! Mama yako yupo ndani, pitilizeni."

Tarumbeta alisimama. Alimtazama yule jirani, akanitazama mimi, kisha akautazama mlango. Mara nyingi nilikuwa nimetamani mtu yule ajue kunong'ona, na siku hiyo alijua.

"Mizani. Yule bibi wa Jumamosi."

"Ndiyo."

"Na yule…"

"Ndiyo. Mdogo wangu."

Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Jana nilicheka," alisema. Kisha akarudi garini akakaa, akafunga na kioo.

Mama alikuwa amesikia buti za watu wawili. Nikija peke yangu huwa navaa viatu vya kawaida. Sikuhitaji kusema yale maneno. Aliniangalia nguo, akaangalia kofia mkononi mwangu, akaanza kuvuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, na hakulia. Muda mrefu hakulia.

"Alikuwa anaumwa?"

"Tumbo."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Wewe ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa zamu, mama."

"Akakuomba?"

Ningeweza kumpa yale ya kwenye ripoti. Nilikuwa nayo kichwani, yamepangwa vizuri. "Aliniomba mara mbili. Na mtu mwingine akaniomba kwa niaba yake mara moja."

"Ukasema nini?"

Nikamwambia nilichosema, neno kwa neno, pamoja na lile la kwamba humo ndani hakuna kaka. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nenda kwenye gari. Mwenzako anangoja juani."

*

Mkuu wa gereza alinisomea matokeo ya uchunguzi wiki ya pili. Kifo cha maradhi. Hakuna uzembe. Orodha za zahanati zilikutwa zimetunzwa kwa mpangilio wa kupigiwa mfano, na tabibu alikuwa amemwona marehemu mara tano na kumkuta hana tatizo.

Niliweka karatasi mbele yake. Nilikuwa nimeiandika kwa siku tatu. Ilisema mfungwa yule alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, kwamba nilificha kwa miezi kumi na moja, kwamba zile mara tano tulidanganya pamoja ili tuzungumze, na kwamba Jumatano nilikuwa na nafasi moja wazi.

Aliisoma yote. Si mtu mbaya. Alivua miwani, akafikicha macho.

"Nani mwingine anajua?"

"Tarumbeta anajua undugu. Hayo mengine hajui."

"Kijana wangu." Mimi nina miaka arobaini na mitatu. "Orodha yako ndiyo iliyotuokoa. Ukiniachia karatasi hii hapa, tabibu ataulizwa kwa nini alidanganywa mara tano asijue. Mimi nitaulizwa nani aliyebandika utaratibu ule ukutani. Nimebakiza miezi minane nistaafu. Na marehemu hataamka."

"Lakini ni kweli, mkuu."

"Sijasema si kweli." Aliisukuma karatasi kwa kidole hadi ukingo wa meza, upande wangu. "Nenda kapumzike siku tano. Jaza fomu ya likizo. Sababu andika msiba." Akafikiri. "Andika msiba wa jirani."

Niliijaza. Kuna mstari mdogo unaouliza uhusiano wako na marehemu. Niliandika kama alivyosema, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Tangu mazishi nilikuwa nakwenda kila siku. Ananifungulia, ananikaribisha, tunakaa. Hanifukuzi. Siku hiyo nilimweleza kwamba nimejaribu kusema, wamekataa kusikia. Nilimsomea ile karatasi yangu, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Alikuwa akisikiliza huku akilikunja na kulikunjua blanketi lililorudishwa kutoka gerezani.

"Ulitaka wakufunge?"

"Nilitaka waniulize, mama. Mtu yeyote aniulize."

"Wakikuuliza utapumua."

"Labda."

"Na mimi?" Aliacha kukunja. "Mimi ndiye niliyekuambia unyamaze. Barua ulikuwa nayo mfukoni, ukaichana hapa, mimi naangalia. Ningekuacha uipeleke, wangemhamisha. Angekuwa mbali, angeumwa, askari asiyemjua angemwona ni mgonjwa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi hata mwana sikumchelea, nilichelea safari ya basi. Nilichelea magoti yangu. Mimi nani ataniuliza?"

Nilisema, "Mama, si wewe."

"Usinifanyie upole wako," alisema. "Kaa uandike."

Nikachukua karatasi nyingine, nikageuza sinia kuwa meza.

"Niandike kwa nani, mama?"

"Wewe ndiye unayejua ofisi."

Nilifikiri. Nilipitia kichwani kila ofisi ninayoijua, kila cheo, kuanzia mlangoni kwetu kwenda juu. Mahali pa juu kushoto, panapoandikwa jina la mpokeaji, nikapaacha wazi. Yeye akaanza kusema, polepole, akisubiri kalamu yangu ifike. Mimi mama yake. Niliambiwa nichague. Nilichagua mwanangu awe karibu. Aliyekaa kimya alikaa kwa amri yangu. Aliposema "amri" alinitazama kama ananiuliza iwapo neno linafaa, nikalibakiza.

Alipomaliza, nilivunja mrija wa kalamu, nikampaka wino kwenye dole gumba, akaligandamiza chini ya maneno yake. Alikaa na kidole kimeinuliwa, asichafue blanketi. Karatasi tuliiweka kati yetu ikauke. Ilipokauka, hakuna aliyenyoosha mkono kuichukua.